Mtihani wa Serikali na karakana zinazosubiriwa

Kijana wa Musienene, huku Lubero, anayemaliza sekondari mwaka huu atapimwa kwa chombo kilichoanza 1967: Mtihani wa Serikali, ambao wengi tunauita Exetat. Wabelgiji walituachia seminari, shule za ualimu na shule za ufundi, lakini wasomi wa chuo kikuu walikuwa wachache mno; Lovanium yenyewe ilifunguliwa 1954 tu. Nchi huru ilihitaji watumishi, tena haraka. Serikali ikaweka mtihani mmoja kwa Kongo nzima: anayefikisha 50% hupata diploma ya kumpeleka chuoni au kazini.

Wazo lilikuwa la haki. Mtoto wa mkulima wa viazi wa Lubero alipewa nafasi ya kushindana na mtoto wa mkubwa wa Kinshasa. Ila sehemu kubwa ya mtihani ni "items": swali, majibu kadhaa, chagua moja. Insha ya Kifaransa huandikwa mapema, nje ya siku za items, na wanafunzi wa ualimu na ufundi husimama mbele ya jopo kuonyesha kazi kwa vitendo. Hapo ndipo shule isiyo na karakana huumbuka, maana mwanafunzi aliyejifunza kuunganisha nyaya ubaoni hana cha kuonyesha.

Shule zenyewe nazo zimebadilisha mikono: Rais Mobutu alitaifisha shule za makanisa 1974, akazirudisha mikononi mwao kwa mkataba wa 1977. Ndiyo maana shule nyingi za huku zinaongozwa na Kanisa lakini zinafuata programu ya serikali. Kanisa halikuishia sekondari: mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, chenye kitivo cha kilimo. Kwa vijana wetu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko amri nyingi za Kinshasa: chuo kilisogea karibu na shamba.

Sheria ya Februari 2014 iliingiza darasa la saba na la nane katika elimu ya msingi, ikaacha miaka minne ya umanite, yaani sekondari ya juu. Elimu ya bure iliyoanza 2019 iliishia shule ya msingi. Umanite bado ni mzigo wa mzazi, na walimu wengi wasio kwenye orodha ya mishahara wanamtegemea yeye.

Mzazi wa Musienene, kabla ya kumwandikisha mtoto opsio ya ufundi, mwombe prefe, mkuu wa shule, akuonyeshe karakana. Wabunge wa Lubero nao, mjadala wa bajeti unapofika, walipiganie fungu la vifaa vya karakana.