William Julius Wilson
William Julius Wilson (amezaliwa Derry, Pennsylvania, 20 Desemba 1935) ni mwanasosholojia wa Marekani. Alifundisha Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1972, akahamia Harvard mwaka 1996. Kitabu chake The Declining Significance of Race (1978) kilizua ubishi mkali: alidai kwamba tabaka limeanza kuamua nafasi ya Mmarekani Mweusi kiuchumi zaidi kuliko rangi yake. Wapinzani wengi walimwelewa kombo, kana kwamba amekana kuwapo kwa ubaguzi. Katika The Truly Disadvantaged (1987) alionyesha jinsi kupotea kwa kazi za viwandani, pamoja na kuhama kwa Weusi wenye kipato, kulivyoiacha mitaa ya Chicago na mafukara watupu. Mwaka 1998 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi.