Merikani

Bibi yangu hakuwahi kufika Marekani, lakini jina la nchi hiyo lilikuwa kinywani mwake. Kwake yeye, merikani ilikuwa kitambaa: pamba nzito isiyopaushwa, ya kushonea magodoro na mifuko. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kitambaa hicho kilivyopata jina. Katika miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, walikuwa wakishusha majora kwa majora Unguja na kurudi kwao na pembe za ndovu na sandarusi. Merikani ikabebwa na misafara hadi bara, na huko ikawa fedha. Ilinunua chakula, ikanunua pembe, ikanunua na watu.

Pamba yake nayo ilikuwa imelimwa na watumwa. Ilitoka mashamba ya Mississippi, Alabama na Georgia, ikapelekwa kaskazini kusokotwa na kufumwa na watu wa mshahara, katika majimbo ambayo utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku. Ndiyo maana ninaposoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hurudi kwenye jora lile. Mara nyingi tunasimuliwa kwamba Kaskazini iliuchukia utumwa, Kusini ikaung'ang'ania, basi wakapigana. Kitambaa kinasema jambo gumu zaidi. Pande hizo mbili zilifungwa pamoja na faida, na kwa miaka mingi faida hiyo ndiyo iliyonunua amani. Waliolipa gharama ya amani hiyo hawakuwahi kuulizwa.

Mwafaka wa kwanza umo ndani ya Katiba yenyewe. Walioiandika mwaka 1787 walikwepa kulitaja neno "mtumwa", lakini walikubaliana kwamba katika kugawa viti vya Bunge, kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hakupiga kura. Hesabu yake ilimwongezea nguvu bwana wake. Wengi waliamini utumwa ungefifia wenyewe. Kisha mwaka 1793 Eli Whitney akatengeneza mashine ya kuchambua pamba, na zao lililokuwa la taabu likawa la utajiri. Watumwa walikuwa kama 700,000 mwaka 1790. Kufikia 1860 walikaribia milioni 4, na pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliziuza nje.

Nchi ilipopanuka kuelekea magharibi, swali lilikuwa lile lile: ardhi mpya itakuwa ya nani? Mwaka 1820 ilikubaliwa Missouri iingie kama jimbo la utumwa, Maine likaingia huru ili mizani isilale upande mmoja, na mstari ukachorwa magharibi kwa Missouri: kaskazini ya mstari huo, utumwa marufuku. Kuanzia 1836 hadi 1844 Baraza la Wawakilishi lilikataa hata kuzijadili hati za wananchi walioomba utumwa ukomeshwe. Makanisa hayakupona. Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844, Wabaptisti mwaka uliofuata.

Mwafaka wa 1850 ndio uliobeba sumu. California iliingia huru, na ili kuituliza Kusini, Bunge likapitisha sheria kali ya watoro. Mtu aliyedaiwa kuwa mtumwa mtoro hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, wala hakupewa baraza la wazee wa mahakama. Kamishna aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia. Na raia yeyote wa Kaskazini angeweza kuamriwa asaidie kukamata. Hapo awali mtu wa Boston aliweza kuvaa pamba, kuuza pamba, na kusema utumwa ni mambo ya huko kwao. Sasa utumwa ulikuwa na haki ya kugonga mlango wake na kumwambia, twende.

Jioni ya tarehe 24 Mei 1854, kijana aitwaye Anthony Burns alikamatwa barabarani mjini Boston alipotoka kazini. Alikuwa na miaka kama 20. Miezi michache nyuma alikuwa ametoroka Richmond, Virginia, kwa kujificha melini, na Boston alipata kazi katika duka la nguo. Usiku wa tarehe 26 umati wa weusi na weupe ulivamia jengo la mahakama kumtoa. Mlinzi mmoja aliuawa, Burns hakutoka. Rais Franklin Pierce aliagiza sheria itekelezwe. Tarehe 2 Juni askari walimzunguka Burns wakamtembeza hadi bandarini, mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 50,000. Maduka yalitundikwa vitambaa vyeusi, na juu ya njia likaning'inizwa jeneza.

Katika mji huo aliishi Amos Lawrence, tajiri wa vitambaa vya pamba, mtu wa ukoo uliotoa jina la mji wa viwanda. Alikuwa mtu wa mwafaka, na biashara yake ilitaka Kusini itulie. Katika siku hizo alimwandikia mwenzake kwamba walikuwa wamelala usiku wakiwa wahafidhina waungao mkono mwafaka, wakaamka wapinga utumwa wenye wazimu kabisa.

Wiki ile ile, tarehe 30 Mei, Pierce alitia saini sheria iliyoufuta mstari wa 1820 na kuwaachia walowezi wa Kansas na Nebraska wajiamulie wenyewe kuhusu utumwa. Lawrence alitoa fedha kupeleka Kansas walowezi wasioutaka utumwa, na baadaye fedha za bunduki. Mji walioujenga huko ukapewa jina lake. Tarehe 21 Mei 1856 kundi la watetezi wa utumwa liliuvamia na kuupora. Kesho yake, ndani ya ukumbi wa Seneti, mbunge Preston Brooks wa South Carolina alimpiga kwa bakora seneta Charles Sumner wa Massachusetts hadi akazirai, kwa sababu ya hotuba aliyoitoa kuhusu Kansas. Huko Kusini watu walimtumia Brooks bakora mpya kama zawadi. Usiku wa tarehe 24, John Brown na wenzake waliwatoa watu watano majumbani mwao huko Kansas na kuwaua.

Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilitamka, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Mwafaka ulikuwa umeishiwa hata pa kusimama. Mwaka 1860 Abraham Lincoln alishinda urais kwa chini ya asilimia 40 ya kura. Aliahidi kutougusa utumwa pale ulipokuwapo, ila usisambae. Hilo tu lilitosha. Majimbo saba yalijitoa kabla hajaapishwa, na tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ililia katika ngome ya Sumter.

Wapo wanaosema vita vile vilikuja kwa sababu wanasiasa walikosa busara ya kupatana. Mimi naona walipatana sana. Walipatana kwa zaidi ya miaka 70, na kila mara walikatiana kipande cha mtu asiyekuwapo mezani. Kilichoharibu mwafaka ni kwamba mtu huyo hakukaa alipowekwa. Alitoroka. Kila mtoro aliyefika Boston alimlazimisha muuza nguo achague.

Burns alinunuliwa uhuru wake mwaka 1855 kwa michango ya watu, akasoma, akawa mchungaji wa watoro wenzake Kanada. Alifariki mwaka 1862, vita vikiendelea. Hakuiona siku ya Desemba 1865 ambapo Katiba ilipiga marufuku utumwa, baada ya wanajeshi wasiopungua 620,000 kufa.

Vita vilipokata pamba, merikani iliadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi yake. Soko la watumwa la Unguja lenyewe liliendelea hadi 1873. Jina la kitambaa ndilo lililobaki, hata likamfikia bibi yangu, aliyelitamka kama jina la kitu cha kawaida tu, cha kushonea godoro.