Bahari Iliyotulizwa na Kamera

Ukiona picha ya bahari iliyolala kama maziwa kwenye sinia, usidhani siku hiyo mawimbi yaligoma. Yalikuwepo, tena pengine makali. Kamera ndiyo iliyoachwa wazi muda mrefu, maji yakapita na kupita mpaka yakawa ukungu.

Zamani huo ulikuwa udhaifu, si ufundi. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliupiga picha mtaa wa Boulevard du Temple, Paris. Kamera ilikaa wazi dakika kadhaa. Watu na magari ya farasi, wote wakayeyuka! Aliyebaki akionekana vizuri ni jamaa mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Kumbe kamera ya siku zile ilimjua aliyetulia tu.

Gustave Le Gray hakuukubali udhaifu huo. Katika miaka ya 1850, kwenye pwani za Ufaransa, alitaka wimbi lionekane wimbi. Alitumia vioo vilivyopakwa kolodioni, dawa iliyoshika mwanga upesi zaidi. Lakini anga na maji vilidai muda tofauti. Basi katika picha yake ya wimbi kubwa, aliyoipiga Sète mwaka 1857, aliunga negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, zikakutana kwenye upeo.

Filamu zilipopata kasi, wengine wakaurudia ule upole kwa hiari. Mwingereza Michael Kenna, aliyezaliwa mwaka 1953, amewahi kuacha kamera wazi hadi saa 10 usiku kucha. Mchana nao una njia yake: mbele ya lenzi huwekwa kioo cheusi kinachopitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 1,000. Picha ya 1/30 ya sekunde inageuka ya sekunde 33 hivi. Bila stendi ya miguu mitatu, umeumia.

Faida ni nini? Povu, mikunjo na vimetameta vyote hugombea jicho. Muda ukivifuta, hubaki mwamba, nguzo za gati na mstari wa upeo. Kwa hiyo panga kwanza, kabla ya kufunga kioo: mwamba ukae wapi, upeo upite wapi. Mpangilio ukiwa mbovu, ukungu hauusitiri. Unauanika.

Ila kuna jambo zito. Muda ule ule unaofuta povu humfuta pia mvuvi anayevuta wavu. Mwamba unabaki, mtu hayupo. Mtazamaji ataapa kwamba pwani ile haina wenyewe. Daguerre hakuwa na la kufanya, mtaa ulimtoroka. Wa leo anachagua. Akitaka mvuvi abaki, amwombe asimame kidogo, au aufupishe muda na kuyaacha mawimbi yapige kelele zao.

Nasi tunaoandika hadithi tuko hapo hapo. Ukurasa ukitulia mno, hebu tuulize ni nani tumemfuta.