Mashamba ya Uasin Gishu na Wenye Kuyauza

Reli iliyoanzia Mombasa ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutumia zaidi ya pauni milioni 5 katika njia ya chuma isiyokuwa na shehena ya kutosha kubeba. Na kwa kuwa mjini London watu hawakuacha kuuliza fedha hizo zitarudi lini, Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa nchi iitwayo leo Kenya, alishika rai kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kuwaleta walowezi wa Kizungu katika nyanda za juu, wapewe ardhi, walime, na mazao yao ndiyo yailipie reli gharama zake. Kwa njia hiyo ardhi ya bara ilifanywa bidhaa kabla mnunuzi wake hajapatikana.

Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna mamlaka ya kuuza ardhi, au kuikodisha kwa muda wa miaka 99, mahali popote palipohesabiwa kuwa hapakaliwi na wenyeji. Walakini katika miaka ile nyanda nyingi zilikuwa tupu kwa sababu ya masaibu, maana sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe na ndui imewapunguza watu. Tena mfugaji aliyehama kufuata malisho, kama ada ya wafugaji ilivyo duniani kote, alidhaniwa kuwa amekwenda zake moja kwa moja.

Uwanda wa Uasin Gishu waonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine. Wamasai walioupa jina lake walivunjwa vitani katika karne ya kumi na tisa, Wanandi wakawa wakichunga humo, na mashimo yaliyojengewa mawe, ambayo wenyeji huyanasibisha na Wasirikwa, yalitosha kumjulisha kila mwenye macho kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe tangu kale. Hata hivyo mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, aliwaahidi viongozi wa Kizayuni eneo katika nyanda zile ili Mayahudi waliokuwa wakidhulumiwa huko Urusi wapate makao. Wajumbe wao wakaja, wakatazama, wakarudi, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukakataa. Nchi ikatolewa, ikakaguliwa, ikarudishwa kwa mwenye duka, na Wanandi hawakuulizwa neno.

Waliokuja kuikalia ni Makaburu. Mwaka 1908 zaidi ya watu 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliiacha Transvaal kwa meli hadi Mombasa, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha wakafunga maksai wao na kupandisha magari yao ya kukokotwa katika misitu na matope mpaka uwandani. Mashamba yalikuwa yamepimwa na kupewa namba, na namba hizo ndizo zilizokuwa majina yake. Posta ilipofunguliwa mwaka 1910 iliwekwa katika shamba namba 64, na mji uliozuka hapo, ambao mwaka 1912 uliitwa rasmi Eldoret, bado huitwa Sisibo na wazee. Husimuliwa kwamba kasha la chuma la benki ya kwanza lilikuwa zito mno hata likaachwa pale lilipoangukia, na benki ikajengwa kulizunguka. Hadithi hii huenda ilitiwa chumvi, lakini ni kweli kwamba benki iliwahi kufika kabla ya reli, iliyofika mjini hapo mwaka 1924.

Nami naona hapo ndipo penye siri ya biashara yenyewe. Mwenye kupata ekari nyingi kwa bei ya awali hakulazimika kulima sana ili atajirike. Ilimtosha kuzishika mpaka barabara ipite na majirani waongezeke, kisha amuuzie mgeni wa baadaye kwa bei ambayo serikali haikupata kuiona. Mlowezi Lord Delamere alikodishiwa ekari 100,000 huko Njoro, na East Africa Syndicate ikapewa maili mraba 500. Sharti za kuendeleza shamba zilikuwako, bali wajanja walijua kusajili ardhi kwa majina ya watu wengine, na ofisi ya ardhi haikuwa na wakaguzi wa kutosha kuwafuata. Ulipofika mwaka 1915, ekari zipatazo milioni 4 na nusu zilikuwa mikononi mwa Wazungu wapatao elfu moja, na katika mwaka huo huo sheria mpya iliongeza muda wa kukodi kutoka miaka 99 hadi 999.

Soko hilo lilikuwa na mlango mwembamba. Lord Elgin, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alikwisha kukubali, mwaka 1908, kwamba Wahindi wasipewe ardhi ya nyanda za juu, ijapokuwa wafanyabiashara wao, akina A. M. Jeevanjee, walilalamika na fedha wanazo; na sheria ya 1915 ikampa Gavana uwezo wa kuzuia mauzo yoyote baina ya mtu wa rangi moja na wa rangi nyingine. Mwafrika aliingia shambani kama skwota, akilima kipande chake kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, kama sheria ya 1918 ilivyoagiza.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba zaidi ya elfu moja, mengine bure na mengine kwa bei nafuu, kwa kura iliyochezeshwa mwaka 1919 katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Wapagazi wa Kariakoo, waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo hivyo, hawakuwa na jina katika kura ile, na Wanandi wakapoteza sehemu nyingine ya nchi yao ili mashamba yatimie. Lakini hata hao waliobahatika hawakufurahi sana, kwani mwaka 1920 rupia, iliyokuwa sawa na shilingi moja na peni nne, ilifungwa kwenye shilingi mbili. Aliyekopa rupia 1,500, yaani pauni 100, aliamka anadaiwa pauni 150, na mahindi yake yanauzwa Ulaya kwa pauni zile zile. Wengi waliweka mashamba rahani, na mwaka 1931 serikali ikaunda Benki ya Ardhi ili kuwakopesha walowezi.

Vizuizi vya rangi viliondolewa kwa sheria mwaka 1960, na mnunuzi wa mwisho akaruhusiwa kuingia. Katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza karibu na uhuru kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, serikali ilinunua mashamba ya Wazungu na kuyakata vipande kwa ajili ya Waafrika, nao wakapewa miaka thelathini ya kulipa deni pamoja na riba. Makaburu wengi wa Uasin Gishu waliuza wakarejea kusini. Wasiopata nafasi katika mpango huo walichanga fedha katika vyama na makampuni ya kununua mashamba, wakanunua hisa, wakapiga kura kugawana viwanja. Katika mipango ya serikali malimbikizo ya deni yalikuwa makubwa tangu miaka ya kwanza, na katika makampuni wanachama wengi waliomaliza kulipa hisa zao walikaa miaka mingi wakilima ardhi ambayo hati yake ilikuwa bado kwa jina la kampuni.