Mbalamwezi ya Januari 1964



Sisi watu wa Unguja kila nyumba ina masimulizi yake ya Januari 1964. Marehemu shangazi yangu akihadithia kuwa usiku wa Mapinduzi walitoka shamba kwa miguu kuja mjini, mbalamwezi imetanda hata sindano ungeiona, na njiani wakala daku ya muhogo uliopoa. Miaka yote nimeyachukua maneno yake kama yalivyo.

Juzi nikafungua Stellarium, ile programu ya nyota ya bure, nikaiweka Unguja na kuirudisha hadi Jumapili 12 Januari 1964, saa tisa za usiku, zilipokuwa zikivamiwa bohari za silaha za polisi, Ziwani na Mtoni. Mwezi hakuna! Ulichomoza alfajiri, saa mbili na kitu kabla ya jua, mwembamba kama ukucha.

Msije mkasema kompyuta imekosea, shahidi yupo. Tarehe 14 Januari jua lilipatwa kwa sehemu, huko Antaktika, na jua halipatwi ila mwezi ukiwa baina yake na dunia, yaani wa zamani umekwisha na mpya bado. Basi tarehe 12 tulikuwa mwisho wa Shaabani. Hata hiyo daku haina pahala, labda kwa mwenye kulipa deni.

Ramadhani yenyewe iliingia tarehe 16 au 17. Magharibi ya tarehe 15 mwezi ulikuwa na umri wa kiasi cha saa 19 tu, na programu inakwambia ulipo, haikwambii nani aliuona.

Sasa, shangazi alisema uongo? Hata kidogo! Mwezi mpevu ulikuwa 28 Januari, katikati ya Ramadhani. Mbalamwezi na daku vyote vinakaa hapo. Usiku wake ni wa kweli, ila ulikuwa kama wiki mbili baadaye, na kumbukumbu ikauunganisha na ule wa mwanzo.

Hapo ndipo pananiuma. Kumbe hawakukimbia siku ya kwanza. Walikaa shamba wiki mbili, kisha kitu kikawatoa usiku. Kitu gani? Hakukitaja, nami sikuuliza, kwani nilidhani hadithi naijua.

Wenye wazee walio hai, waulizeni mapema. Na kabla ya tarehe, waulizeni mwezi ulikuwaje.