Tovuti ikikugomea: namna ya kufuta kuki bila kujifungia nje

Mfanyabiashara wa Fuma, Chula au Koyama anayepeleka samaki wakavu na kamba mawe Kismayo, na mwenye wateja au jamaa Lamu na Mombasa, siku hizi hawezi kuzikwepa tovuti. Akitaka kwenda Nairobi kuonana na mnunuzi, tangu Januari 2024 Kenya ilipoacha viza na kuleta idhini ya usafiri ya eTA, maombi hufanywa kwa mtandao. Wakala wake aliyeko Mombasa naye huingia katika iTax ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) au katika mfumo wa KenTrade. Aidha, Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 4 Machi 2024, hivyo karatasi za kujaza mtandaoni hazitapungua.

Tovuti hizo zikigoma, ushauri wa kwanza utakaoupata kwa kijana wa saiba ni huu: "Futa kuki." Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Lakini kwa mtu anayeishi na laini mbili za simu, moja ya Somalia na moja ya Kenya, kufuta ovyo kunaweza kumgharimu kuliko tatizo lenyewe.

Kuki ni nini?

Kuki, ambazo Google kwa Kiswahili huziita vidakuzi, ni vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huviweka ndani ya kivinjari chako (Chrome, Firefox, Safari, Edge na vinginevyo). Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Tatizo lililokuwapo ni kwamba tovuti haina kumbukumbu: kila ukurasa unaoufungua, kwake wewe ni mgeni mpya. Kuki ni kama kile kibati unachopewa unapoacha mzigo stoo. Ukirudi nacho, mwenye stoo hakuulizi jina, anakuletea mzigo wako.

Kuki moja kwa kawaida haizidi baiti 4,096, yaani chini ya kurasa mbili za maandishi. Si programu na haibebi virusi. Hata hivyo, atakayekipata kibati chako ataonekana ni wewe, bila kulijua neno lako la siri. Mwaka 2010 Eric Butler, mtaalamu wa programu wa Marekani, alitoa programu iliyoitwa Firesheep kuonyesha jinsi ilivyokuwa rahisi kunasa kuki za watu wanaotumia Wi-Fi moja ya wazi. Tovuti nyingi zimehamia kwenye anwani zinazoanza na https tangu hapo, na mlango huo umebanwa sana.

Lini kufuta kunasaidia

Kuna dalili chache ambazo mkosaji wake mara nyingi ni kuki iliyozeeka au iliyoharibika. Unaandika jina na neno la siri sahihi, na ukurasa unakurudisha palepale pa kuingilia. Unaambiwa muda wako umekwisha wakati ndiyo kwanza umeingia. Ukurasa unazunguka mpaka kivinjari kinatoa ujumbe ERR_TOO_MANY_REDIRECTS. Linatokea kosa namba 400 linalolalamika kwamba kuki ni kubwa mno. Au unakuta jina la mteja aliyekutangulia kwenye kompyuta hiyo.

Ukiona kosa namba 502, 503 au 504, shida iko kwa wenye tovuti, na kufuta kuki ni kupoteza muda unaoulipia. Vilevile kama akaunti imefungwa kwa kukosea neno la siri mara nyingi. Na kama malipo yamekwama katikati, kuki haitarudisha fedha: kwanza tazama ujumbe wa M-Pesa au wa EVC Plus kujua kama zimetoka, andika namba ya muamala, ndipo ufikirie kujaribu tena. Kulipa mara mbili ni rahisi, lakini kurudishiwa huchukua siku nyingi.

Ipo njia rahisi ya kupima kabla hujafuta chochote. Fungua dirisha la faragha: katika Chrome na Edge bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, na katika Firefox Ctrl, Shift na P. Dirisha hilo huanza bila kuki za zamani. Tovuti ikifanya kazi humo, basi ugonjwa uko katika kuki au kurasa zilizohifadhiwa kwenye kivinjari chako. Ikigoma humo pia, jaribu simu nyingine yenye mtandao mwingine, na ikigoma huko nako, subiri. Mara nyingine dirisha la faragha linatosha kabisa: maliza kazi yako humo, ulifunge, uende zako.

Kabla ya kufuta, itazame simu

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanapoumia. Akaunti nyingi, ikiwemo barua pepe ya Google kwa aliyewasha ulinzi wa hatua mbili, huhifadhi kuki inayosema kifaa hiki kinaaminika. Ukiifuta, tovuti itakutaka msimbo, ambao mara nyingi hutumwa kwa namba uliyojiandikishia. Kama namba hiyo ni ya Safaricom na wewe uko Kismayo ukitumia Hormuud, au laini ile ilikatwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, msimbo hautafika. Umetoka nyumbani mwako na ufunguo umeuacha ndani.

Kwa hiyo jiulize maswali matatu. Neno la siri nalikumbuka, au kivinjari ndicho kilichokuwa kikilikumbuka kwa niaba yangu? Namba iliyoandikishwa ni ipi, na inapata mtandao hapa nilipo? Fomu niliyoijaza nusu imeshahifadhiwa katika akaunti, au iko kwenye ukurasa huu tu? Kama jibu moja lina shaka, piga picha ya skrini kwanza, na usiguse kuki za tovuti nyingine. Akaunti muhimu ni vyema kuziwekea programu ya kutoa misimbo kwenye simu, kwani hiyo haihitaji mtandao wala laini, au uchapishe misimbo ya akiba na kuiweka pamoja na pasipoti.

Futa tovuti moja, usifute zote

Kwenye kompyuta, bonyeza alama ndogo iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, uingie kwenye sehemu ya kuki na data ya tovuti, na ufute za tovuti hiyo peke yake. Chrome ya simu za Android ina alama hiyohiyo mahali hapohapo. Kwa iPhone, nenda kwenye mipangilio ya Safari, sehemu ya mambo ya ziada ambako kuna data ya tovuti, uitafute tovuti kwa jina lake. Kisha funga ukurasa, uufungue upya na uingie.

Ikishindikana, ndipo ubonyeze Ctrl, Shift na Delete. Hiyo hufungua ukurasa wa kufuta data katika Chrome, Edge na Firefox. Chagua kuki na faili za akiba tu. Usiweke alama kwenye maneno ya siri, maana hayo yakifutwa hayarudi.

Saa ya kifaa nayo itazame. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Tarehe ikiwa nyuma, kivinjari kitakataa vyeti vya usalama vya tovuti. Ikiwa mbele sana, kuki zitahesabiwa kuwa zimekwisha muda pale zinapopokelewa. Watu wamefuta kuki mara kumi kwa ajili ya saa mbovu.

Sababu nyingine ni kuki za mtu wa tatu, yaani zinazowekwa na tovuti tofauti na ile uliyoifungua, kama ukurasa wa malipo uliopachikwa ndani ya fomu. Safari huzizuia zote tangu 2020. Firefox tangu 2022 huzitenganisha kwa kila tovuti, na Google mwaka 2025 iliamua kuliacha suala hilo kwa mtumiaji wa Chrome. Kisanduku cha malipo kikibaki cheupe, ziruhusu kwa tovuti hiyo peke yake, na baada ya kulipa uzizuie tena.

Ukiwa saiba

Kwenye kompyuta ya watu wengi sheria inageuka: hapo futa kila kitu. Afadhali uanze na dirisha la faragha, ukatae kivinjari kinapouliza kama kihifadhi neno la siri, na ukimaliza ubonyeze kitufe cha kutoka ndani ya tovuti yenyewe kabla ya kufunga dirisha. Kufunga dirisha la kawaida peke yake hakutoshi, kwani kuki nyingine hudumu siku au miezi. Faili ulizopakua, kama nakala ya pasipoti au risiti, hazifutwi na hatua hizi. Zitoe mwenyewe kwenye kabrasha la vipakuliwa, kisha kwenye pipa la taka la kompyuta.