Siku ya Sayansi Bodo: Waanze na Kasa

Siku ya sayansi kuhusu viumbe walio hatarini kutoweka humtoa mwanafunzi kitabuni akapime, ahesabu, kisha awaeleze wazazi alichokipata. Shule nyingi hubandika picha za faru na simba. Bodo, kijiji cha wavuvi kwenye Ghuba ya Funzi, kusini mwa Msambweni, inafaa kuanza na kasa.

Bahari ya Kenya ina aina 5 za kasa. Ng'amba, aliyewindwa karne nyingi kwa ajili ya gamba lake, amewekwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Nguva wa Afrika Mashariki naye aliwekwa daraja hilohilo mwaka 2022. Waliokomaa walikadiriwa kuwa chini ya 250. Wavu wa jarife hauchagui: humnasa kasa, humnasa nguva, na wote wawili hupumua hewa, hivyo wakizuiwa chini ya maji hufa.

Jike la kasa hupanda ufuoni usiku, huchimba, hutaga mayai mia moja hivi, hufukia, hurudi baharini. Jinsia ya watoto huamuliwa na joto la mchanga: kwenye nyuzi 29 hivi majike na madume hukaribiana idadi, joto likizidi, majike huwa wengi. Hapo ndipo penye jaribio zuri kuliko mabango yote: kipimajoto kifukiwe kwenye mchanga wenye kivuli, kingine kwenye mchanga mtupu, wanafunzi waandike tofauti asubuhi, adhuhuri na jioni. Wataona wenyewe hasara ya kukata miti ya ufuoni.

Watoto wa kasa hukimbilia kwenye mwangaza, ambao kiasili uko upande wa bahari. Taa za ufuoni, kama zile za hoteli za Diani, huwapoteza. Anayenusurika huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa, kwa hiyo kasa mmoja mkubwa aliyechinjwa hazibiki upesi. Nyama yenyewe yaweza kuua: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, ilisababisha vifo vya watu 9, wakiwemo watoto 8.

Mwanafunzi ukikuta kiota, usiyaguse mayai. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hushikamana na ganda. Yai likigeuzwa, hufa. Weka alama kando, kisha mpe taarifa mwalimu, kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) au Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) siku hiyohiyo.